Bei ya Pazia

Septemba 2, 2014, siku chache kabla ya shindano la televisheni kuanza, nyumba iliyoandaliwa kwa ajili ya Big Brother Africa katika studio za Johannesburg iliteketea kwa moto. Waandaaji wakahaha kutafuta nyingine, tarehe zikasogezwa mbele, na Oktoba 5 washiriki wakaingia. Miongoni mwao alikuwamo kijana mpiga picha kutoka Tanzania, Idris Sultan. Siku 63 baadaye akatoka na dola 300,000 za Marekani, fedha ambazo kwa viwango vya wakati ule zilizidi shilingi milioni 500. Kwa mtu wa kijiweni hesabu ya fedha kama hizo huwa rahisi: viwanja vingapi Kigamboni, Noah ngapi za biashara, na ingekuwa wewe ungeanza kumkumbuka nani.

Swali gumu zaidi haliulizwi sana. Zile zilikuwa malipo ya nini? Bondia hulipwa kwa ngumi anazopiga na anazopigwa. Mwimbaji hulipwa kwa sauti. Aliyeshinda Big Brother alilala, akaamka, akapika, akacheka, akanuniwa, akaoga. Mambo hayo kila mtu huyafanya kwake bure. Ukisema alilipwa kwa sababu alipigiwa kura, umeeleza alivyochaguliwa. Bado hujasema kilichonunuliwa.

Mwaka 1776 Mskoti Adam Smith alijiuliza jambo linalokaribiana na hilo. Wengi humjua kama baba wa uchumi, ingawa somo alilofundisha Chuo Kikuu cha Glasgow lilikuwa falsafa ya maadili. Alitaka kujua kwa nini waigizaji, waimbaji wa opera na wacheza dansi wa zama zake walijaziwa fedha kuliko mafundi waliotoka jasho. Sababu ya kwanza aliyoiona ni ya kawaida, kwamba vipaji vile vilikuwa adimu. Ya pili ndiyo yenye uzito: kujionyesha kwa fedha kulihesabiwa kuwa fedheha, kwa hiyo ujira ulipaswa kufidia muda na gharama za kujifunza, kisha juu yake ufidie heshima iliyopotea. Akaongeza jambo ambalo lafaa kuwekwa akiba hadi mbele kidogo: siku jamii itakapoacha kuiona kazi hiyo kuwa aibu, watu wataikimbilia kwa wingi na malipo yatashuka.

Kwa kipimo cha Smith, basi, sehemu ya zile dola 300,000 ilikuwa fidia. Na kilichofidiwa kina jina lake kwa Kiswahili, jina ambalo lugha nyingi zingelitamani. Ni stara.

Neno hili ni pana kwa namna ya kushangaza. Nguo ni stara. Ndoa ni stara. Nyumba yenye mlango na pazia ni stara. Na mtu mwenye kipato cha kumtosha, asiyelazimika kila jioni kumtuma mtoto kwa jirani kuomba chumvi, husemwa ana maisha ya stara. Neno moja limebeba faragha na uwezo wa fedha, kana kwamba waliolizoea waliona kuwa ufukara nao ni namna ya kuvuliwa nguo mbele za watu. Hapo ndipo penye kitendawili cha vipindi hivi vya maisha halisi: mtu anauza stara ili apate stara. Anafungua pazia ili siku moja amudu nyumba yenye pazia.

Dini hazikulichukulia jambo hili kijuujuu. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 27 inawataka waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Hodi ya Mswahili inakaa vizuri kabisa ndani ya amri hiyo. Aya ya 58 inaingia hadi vyumbani. Hata watumishi wa nyumbani na watoto ambao hawajabaleghe wanatakiwa kubisha nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo wapumzike, na baada ya sala ya isha. Kwenye Injili ya Mathayo, sura ya 6, Yesu anawaelekeza wafuasi wake wakasalie chumbani mlango umefungwa, na sadaka waitoe bila kupigiwa tarumbeta. Kwa mafundisho hayo kuna sehemu ya mtu ambayo haikuumbwa kwa ajili ya watazamaji, hata inapofanya mambo mema.

Mafundi wa Lamu waliiandika fikra hiyo kwa mawe na chokaa. Katika nyumba zao za kale, mgeni asiyejulikana huishia dakani, penye mabaraza ya kukalia. Akikaribishwa hupita tekani, njia ya kuingilia iliyopindishwa ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani. Baada ya kiwanda kuna misana, na nyuma ya misana ndipo ndani penyewe. Kila hatua ina hodi yake, na wageni wengi hawafiki mwisho maisha yao yote.

Nyumba ya Big Brother imejengwa kinyumenyume. Kioo anachotumia mshiriki kupigia mswaki ni dirisha kwa upande wa pili. Nyuma yake pana ujia wenye giza, na humo mna mpiga kamera aliyevaa nyeusi, yuko umbali wa kunyoosha mkono. Mshiriki anatoa ulimi autazame, anabinya chunusi, anajaribu tabasamu moja, analifuta, anajaribu lingine. Mwenzake wa gizani anazuia kikohozi. Maikrofoni inaning'inia kifuani tangu asubuhi. Saa hakuna, simu hakuna, gazeti hakuna. Na zile nyakati ambazo aya ya 58 ilizizungushia ukuta, mtu akiwa anaamka, akiwa anapumzika, akiwa anapanda kitandani, ndizo nyakati zilizofanya kipindi kipate watazamaji. Big Brother Africa ilikuwa hata na saa maalumu ya bafuni.

Shindano la kwanza la Afrika, mwaka 2003, lilizua kelele bara zima. Rais Sam Nujoma wa Namibia alilitaka shirika la utangazaji la nchi yake liache kulionyesha. Mwezi Agosti Bunge la Malawi likapiga marufuku matangazo hayo, kabla Mahakama Kuu haijaliondoa zuio. Karibu mjadala wote ulihusu uchi. Ulikuwa mjadala mwepesi, maana uchi unaonekana na kila mtu anajua la kusema juu yake. Suala la umiliki liliachwa bila kuguswa: je, stara ni mali ya mtu mmoja kiasi kwamba anaweza kuipeleka sokoni peke yake?

Miaka minne baadaye jibu lilijitokeza lenyewe. Mtanzania Richard Bezuidenhout aliibuka mshindi wa Big Brother Africa ya 2007 na kuchukua dola 100,000. Alikuwa mtu mwenye mke, na uhusiano wake na mshiriki kutoka Angola ulitazamwa usiku baada ya usiku kutoka Windhoek hadi Nairobi. Liwe liwalo katika hukumu ya watu juu yake, kulikuwa na mwanamke ambaye hakuingia nyumba ile, hakutia saini mkataba wowote, na bado pazia lake lilivutwa pamoja na la mumewe. Mtu anapouza siri za maisha yake huuza vipande vya mama yake, vya mwenza wake, na vya watoto ambao hawajazaliwa lakini siku moja watajua kutafuta jina la baba yao mtandaoni. Hao hawana fungu kwenye hundi.

Wapo walioona hatari hii zamani sana. Epictetus, mwanafalsafa wa Kistoa aliyewahi kuwa mtumwa, aliwasimulia wanafunzi wake kisa cha mheshimiwa mmoja wa Roma, Florus, aliyekuwa akijishauri kama apande jukwaani katika maonyesho ya Kaisari Nero. Kukataa kungeweza kumgharimu kichwa. Akamwendea mwenzake Agrippinus, naye akamwambia aende tu. Florus akashangaa: mbona wewe huendi? Agrippinus akajibu kwamba kwake hilo halijafikia hata kuwa jambo la kujiuliza. Epictetus hakumlaani Florus. Alichosema ni kwamba watu hujiuza kwa bei tofauti, na kwamba anayeanza kupiga hesabu ya bei tayari amesogea karibu na kujisahau ni nani. Karne nyingi baadaye, mwaka 1785, Immanuel Kant akaigawa dunia mafungu mawili: vitu vyenye bei, ambavyo badala yake waweza kuweka kingine, na vile vilivyo juu ya bei yoyote. Fungu la pili Mswahili angeliita utu bila kusita.

Ni rahisi kuwashangilia wanafalsafa hawa ukiwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Agrippinus alikuwa mtu wa tabaka la juu; kukataa kwake kulikuwa na mto wa kulalia. Mwenye kusoma hapa anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kama stara yenyewe si anasa ya wenye vyumba.

Jibu lipo kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja mrefu, Manzese au Majengo, kila chumba na familia yake. Kuta haziendi hadi juu, na sauti hupita kwenye paa kama paka. Chumba cha tatu wakigombana saa saba usiku, chumba cha sita wanajua ni kwa ajili ya nini, kiasi gani, na mama mkwe ametajwa mara ngapi. Asubuhi wote wanakutana uani. Mmoja anaosha sufuria, mwingine anapanga foleni ya choo na kopo mkononi. Mwanamke wa chumba cha tatu anatoka, macho yamevimba. "Mmeamkaje?" "Salama, dada. Na nyie?" "Tumshukuru Mungu." Basi. Mtu anasogea ili ampishe bombani. Hakuna aliyelala, na hakuna aliyesikia kitu.

Hiyo ndiyo stara ya wasio na kuta. Hujengwa kwa adabu ya majirani, kwa kukubaliana kutosikia. Wambea wapo, tena wengi, lakini hata umbea una jina baya na mmbea hupigwa vijembe vya kanga. Televisheni haikuleta macho mapya duniani. Macho yalikuwapo tangu zamani pale uani. Ilichofanya ni kumsamehe mtazamaji ule wajibu wa kujifanya hajaona, na kisha ikamwalika apige kura. Hukumu nyingi za kidini kuhusu vipindi hivi humwangukia anayejianika. Aliyekaa kochini na rimoti, akiwa amejifungia mlango wake, hatajwi.

Kuna pia mfanyabiashara mwenyewe. Big Brother ilianza Uholanzi Septemba 1999, likiwa wazo la John de Mol wa kampuni ya Endemol. Mshindi wa kwanza, Bart Spring in 't Veld, alipata gilda 250,000, takriban euro 113,000. Mwaka uliofuata Telefónica ya Hispania ikainunua Endemol kwa euro bilioni 5.5. Ni kweli kampuni ile ilikuwa na vipindi vingine vingi, lakini mkono hauzuiliki kugawanya, na jibu linapita mara 48,000. Bart amewahi kueleza hadharani majuto yake kwa kile alichosaidia kukizaa.

Waliofuata walijifunza kwa maumivu yao. Richard Hatch alishinda dola milioni 1 za shindano la televisheni la Survivor mwaka 2000, katika fainali iliyotazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni 50. Hakuzilipia kodi. Januari 2006 mahakama ikamtia hatiani, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miezi 51. Kujaribu kuficha kipato ambacho mamilioni ya watu wamekuona ukikishinda ni ujasiri wa aina yake. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee. Ya Hatch iliisha na habari yake ikasomwa kila mahali.

Bethenny Frankel alikuwa na akili nyingine. Anasimulia kwamba msimu wa kwanza wa The Real Housewives of New York City, ulioonyeshwa 2008, ulimlipa dola 7,250 tu. Hakuja kwa ajili ya hizo. Baadaye akaanzisha kinywaji chake, Skinnygirl, akahakikisha kamera zikimfuata yeye zinakiona na chenyewe. Mwaka 2011 kampuni ya Beam iliinunua biashara hiyo ya vinywaji kwa kiasi ambacho magazeti yalikitaja kuwa karibu dola milioni 100. Wenye televisheni hawakulala: mikataba iliyofuata ikaingizwa kifungu, kinachoitwa hadi leo kwa jina lake, cha kudai fungu katika biashara ambazo washiriki wanazitangaza kipindini. Na mwaka 2023, waigizaji na waandishi wa Hollywood walipokuwa kwenye mgomo, Bethenny ndiye aliyesimama kusema kuwa watu wa vipindi vya maisha halisi nao wanahitaji chama cha kuwatetea. Alikuwa ameuza sebule na kubaki na ufunguo wa ghala.

Ukitazama Afrika Mashariki kwa jicho hilo, picha inaanza kueleweka. Diamond Platnumz alipotokea kwenye Young, Famous & African ya Netflix mwaka 2022, aliingia akiwa tayari na kazi, lebo na jina; kamera zilimkuta na ghala limejaa. Gaetano Kagwa wa Uganda alikuwa mmoja wa sura zilizotazamwa zaidi 2003 bila kuwa mshindi, kisha akajijenga kama mtangazaji wa redio na mwendeshaji wa shindano la uimbaji la Tusker Project Fame. Mwisho Mwampamba wa Tanzania alishika nafasi ya pili mwaka huohuo wa 2003, na mwaka 2010 akarudi shindanoni katika msimu wa nyota wa zamani. Walter Chilambo, mshindi wa Bongo Star Search ya 2012, aliuza sauti, na sauti unaweza kuondoka nayo: leo anaimba Injili. Tofauti hii kati ya anayeuza ufundi na anayeuza uwepo wake si ndogo. Ufundi ukiuuza jioni, asubuhi unaamka nao. Hata hivyo mashindano ya vipaji nayo yana upande wao wa giza, yule kijana wa kwenye usaili ambaye hajui kuimba, anayechekwa na majaji kisha na nchi nzima, na kurudi kwao Shinyanga au Tanga akiwa maarufu kwa sekunde 40 bila kushinda chochote.

Idris mwenyewe aligeukia uchekeshaji na uigizaji, kazi ambazo uso uliokwisha kujulikana ni mtaji. Lakini uso huo haukurudi kuwa wa kawaida. Mei 2020 polisi walimshikilia baada ya kusambaza video iliyomwonyesha akiicheka picha ya zamani ya Rais John Magufuli. Kwa siku 63 mwaka 2014 kicheko chake kilikuwa bidhaa, kikasafirishwa bara zima kwa setilaiti. Miaka sita baadaye kicheko hichohicho kikawa jambo la kituo cha polisi. Watu wangapi walicheka picha ile ukumbini kwao, na nani aliwajua?

Sasa ile akiba ya Adam Smith. Big Brother Africa haikurudi tena baada ya 2014, na haikuhitajika. Aibu ya kujianika ilikuwa imepungua, washindani wamekuwa mamilioni, na bei imefanya kama alivyosema. Kwenye TikTok zawadi ndogo kabisa anayoweza kutumiwa mtu aliye mubashara ni ua la waridi. Thamani yake ni sarafu moja ya mtandao huo, kama senti moja ya dola, na mtandao nao unakata chake kabla mpokeaji hajagusa.

Saa tano usiku, kwenye moja ya vile vyumba sita, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai juu ya stuli. Taa ya duara inamulika uso wa binti aliyejipamba kuanzia kifua kwenda juu. Chini amevaa kanga ya kulalia. Nyuma yake ametundika shuka la maua ili kitanda na ndoo visionekane. Watazamaji ni 212. Anawaita kwa majina yao ya bandia, anacheka, anaomba waridi, anaeleza mwanamume aliyemwacha alimwachaje. Waridi moja linapanda kwenye kioo, la pili linalifuata. Ukumbini mama wa chumba cha pili anapita na sahani ya wali iliyofunikwa sahani nyingine. Anazisikia sauti, anavua kandambili asije akasikika hewani. Anainama, anaiweka sahani chini kando ya mlango, anagonga kidogo kwa kidole kimoja. "Hodi," anasema kwa sauti ya chini, na kuondoka bila kungoja karibu.